Ukingo Uliofunikwa

Duka la vioo siku ya Jumamosi halina adabu. Watu wanasukumana kaunta, kila mmoja na kikaratasi chake cha vipimo, na wauzaji wamejifanya viziwi. Katikati ya zogo hilo alisimama fundi wa fremu, dada wa miaka thelathini na moja, sketi ya bluu imeingia vumbi la mbao, kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele na rula ya chuma inachungulia mkobani. Alikuwa akisubiri vioo vyake sita na subira ilikuwa imeanza kumwishia.

Hapo akaingia mwanaume mrefu, viatu vimejaa matope mpaka kwenye kamba, amebeba ubao juu ya viganja viwili kama mtu anayepeleka chai kwa wageni.

"Samahani jamani, naombeni njia! Haijakauka!"

Juu ya ubao kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na mlima ukitoka kwenye ukungu, umechorwa kwa rangi za maji. Mtu mmoja akamgusa kiwiko. Ubao ukainama, tone la bluu likaanza kuteremka kuelekea bondeni. Fundi hakufikiri mara mbili, akadaka upande wa pili.

"Inua kwako! Kidogo, nimesema kidogo! Haya, tulia."

"Nimetulia."

"Hujatulia, mikono inatetemeka."

"Dada yangu, nimetembea saa tano nzima ndani ya manyunyu. Hata magoti yanatetemeka, ila hayo huyaoni."

Fundi akacheka bila kutaka. "Na hii unaileta kwenye kioo ikiwa mbichi? Itaota ukungu."

"Ukungu si upo tayari? Hebu angalia hapo juu."

Wakaibeba wawili, mmoja kila upande, mpaka kwenye duka la fundi mitaa miwili nyuma. Ni chumba kimoja kirefu kinachonuka gundi na mbao. Nyuma ya meza ya mbele hukaa mama mdogo wake, ambaye ndiye mwenye duka, ndiye anayepokea wateja, na ndiye anayejua habari za mtaa mzima. Alimtazama mgeni kuanzia kichwani, akafika kwenye viatu, akaishia hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo matope umeyaleta yawekewe fremu?"

Tangu siku hiyo jina likawa Matope. Yeye akamlipizia fundi kwa kumwita Rula, kwa sababu dada huyu alikuwa hapimi kitu mara moja, na katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kukata kipande kikakosea hata kwa unene wa ukucha. Alijivunia hilo. Ukimwambia fremu imepinda, angekwambia ukuta wako ndio umepinda, na angekuwa sahihi.

Mchoraji alikuwa na utaratibu wake. Alhamisi alfajiri anapanda milimani na begi mgongoni, analala kwenye hema, na Jumamosi anashuka na picha mbili tatu. Hakuwa anachora kutoka kwenye kumbukumbu wala kwenye simu. Alichora hapo hapo, upepo ukimpiga, na pembeni mwa karatasi aliandika kwa risasi saa ngapi, jua liko wapi, mvua imeanza lini. Huko huko pembeni alikuwa akijaribia rangi: doa la kijani, doa la njano, mistari, alama za brashi. Kingo za picha zake zilikuwa kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza.

"Nyie mnachafua, sisi tunaficha," fundi alimwambia siku moja, akikata ile kadi nyeupe inayokaa kati ya picha na fremu. Dirisha la kadi alilikata dogo kuliko karatasi, upana wa vidole viwili kila upande, na uchafu wote wa pembeni ukapotea chini yake. "Sasa umekuwa mtu wa maana."

"Kumbe siku zote nilikuwa nakosa kadi tu?"

"Kadi na sabuni, Matope wangu."

Hilo "wangu" lilimtoka lenyewe. Mama mdogo akakohoa mbele huko, kikohozi kisicho na mafua.

Basi mapenzi yakaingia. Milimani mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya jiwe kubwa karibu na kilele, na mchoraji akawa anapanda jiwe hilo kila jioni kumpigia.

"Laazizi, unanisikia?"

"Nasikia upepo. Wewe uko wapi?"

"Mimi ndiye huo upepo. Umekula?"

"Nimekula. Shuka kwenye hilo jiwe kabla hujaanguka ukaniacha na picha zisizo na mwenyewe."

Siku moja akamshawishi wapande wote. Fundi ni mtu ambaye hata kubadilisha taa alikuwa anamwita jirani, kwa sababu ya kuogopa ngazi. Lakini alikwenda, amevaa koti la mvua la njano la mama mdogo, mikono ya koti imempita vidole. Alilalamika saa nzima ya kwanza, akanyamaza ya pili, na walipotokea juu, bonde lote likafunguka chini yao: mto mwembamba, msitu, vivuli vya mawingu vikitembea juu ya majani. Akasimama pale akaanza kulia.

"Nini, mpenzi? Miguu?"

"Miguu pia. Nimefunika milima mia kwa kioo, sikujua kama ina harufu."

Mchoraji alimtazama, yeye na koti lake kubwa, kama anavyotazama kitu anachotaka kukichora.

Wakati huo kulikuwa na jambo linalomkaba mchoraji. Kituo kimoja cha utafiti wa misitu, kule juu, kilimtaka akakae mwaka mzima akichora mimea na mabonde. Wangempa nyumba na karatasi zote anazotaka. Ndiyo kazi aliyoiota tangu utotoni, na alikuwa hajajibu. Fundi alijua kwamba hajajibu, na alijua sababu ni yeye, ila alisubiri mwanaume aseme mwenyewe. Hakutaka kumfunga miguu, wala hakutaka aende. Usiulize ni kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Wiki ya maonyesho ya wachoraji kwenye ukumbi wa mji ikafika. Mchoraji alileta picha yake kubwa kuliko zote, lile bonde la siku ile, siku moja kabla ya ufunguzi. Duka lilikuwa limejaa wachoraji wengine wanaodai fremu zao, kila mtu anapiga kelele.

"Rula," alisema kwa sauti ya chini, "iangalie vizuri kabla hujaifunga. Iangalie ukiwa peke yako."

"Peke yangu nitaipata wapi leo? Weka hapo. Nenda kapige pasi shati."

Akaenda. Fundi aliiangalia, ndiyo, kwa jicho la fundi: haina mkunjo, haina unyevu, haijachanika. Chini kabisa kwenye kona ya kulia, pale njia inapotoka kwenye picha, aliona madoa mawili, la njano na la bluu, na mwandiko wa risasi umebanana chini yake. Madoa ya brashi na hali ya hewa, kama kawaida. Akapima mara mbili, akakata kadi, akafunika. Kazi ilikuwa safi mno.

Jioni ya ufunguzi mchoraji alikuja na shati jeupe lililonyooka, viatu vinang'aa, mpaka fundi akamtania kwamba amepotea njia. Hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha yake, akainama kwenye kona ya chini, akakaa hapo muda mrefu.

"Hii kadi umeipima mwenyewe?"

"Nani mwingine aguse picha yako? Mara mbili."

"Na hapa chini?"

"Hapo ndipo nilipopaangalia kuliko kwingine kote," alisema fundi kwa majivuno yake yote. "Sikukosea, Matope. Nimefunika kile tu nilichotaka kufunika."

Uso wa mchoraji ukamshuka. "Sawa," akasema. "Ahsante. Nimekuelewa."

Kabla hotuba hazijaanza alikuwa ameshaondoka. Asubuhi ukaja ujumbe: *Jibu lako nimelipokea kwa moyo mmoja. Usijilaumu. Napanda.*

"Jibu gani?" fundi alimwuliza mama mdogo, simu mkononi. "Mimi nimemjibu nini?"

"Ulimtukana?"

"Nilimsifia kazi yangu!"

"Mwanaume akimbie kwa sababu hiyo? Hapana. Kuna kitu hapo."

Alipiga, simu haipatikani. Aliandika, ujumbe haukufika, kama mtu aliyefungiwa namba. Siku ya tatu alikasirika, ya tano akalia, ya saba akawa anapima kila kitu mara nne na kukata vibaya. Mama mdogo alianza kuficha kadi za bei ghali. Juu ya jiwe hakuna aliyempigia, na jioni zake zikawa ndefu na za kijinga.

Maonyesho yalipofungwa, msimamizi wa ukumbi akamrudishia ile picha. "Mwenyewe amesema haiuzwi," alieleza. "Amesema ubaki nayo au uitupe, vyovyote."

Vyovyote! Hilo ndilo lililompandisha hasira. Kama mtu hajali picha yake, basi fremu ni ya mbao nzuri, itamfaa mteja mwingine. Akailaza mezani kifudifudi, akang'oa misumari, akatoa kioo, akainyanyua kadi.

Madoa hayakuwa madoa.

Walikuwa watu wawili, urefu wa ukucha, wanashuka kwa njia ile. Mmoja ana begi la bluu mgongoni. Mwingine amevaa koti la njano lililompita vidole, na wameshikana mikono. Chini yao, kwa risasi, mwandiko ule uliobanana: *Nataka nishuke nawe maisha yote, uwe mke wangu. Kama hutaki, utufunike tu, nitaelewa.*

Fundi akakaa chini sakafuni kwenye maranda. "Mama mdogo," akaita. "Nimemkataa mtu. Nimemkataa kwa kumpimia!"

Mama mdogo alikuja, akavaa miwani, akasoma, akasoma tena. "Huyu naye," alisema mwishowe, "mdomo aliuweka wapi? Na wewe macho uliyaweka wapi? Mmekutana." Kisha akaenda kuleta lile koti. "Kesho Jumapili. Duka nitafungua mimi."

Basi lilimwacha mwisho wa lami, na kuanzia hapo alipanda peke yake. Alijua kwamba kila Jumapili mchana mchoraji humpigia mama yake, mvua inyeshe isinyeshe, na huko juu pa kupigia ni kwenye jiwe tu. Mahali ambapo njia inapita ukingoni mwa korongo alipita kwa kutambaa, akishika mizizi, na hakuona haya. Alipotokea juu ilikuwa karibu saa saba, uso umejaa jasho na udongo, na pale juu ya jiwe alisimama mtu mrefu, simu sikioni.

"...nakula vizuri, mama, usiwe na wasi—" Akageuka.

"Mpumbavu mkubwa wewe!" fundi alisema, akihema. "Swali kama lile unaliandika pembeni? Pale unapofutia brashi? Nilidhani ni uchafu!"

"Hukuona?"

"Ningeona ningekufunika? Nimekulilia siku kumi na moja!"

Simu ikasikika, sauti ndogo ya mama mtu mzima: "Nani huyo anakugombeza? Ndiye yule wa fremu?"

"Mama, subiri kidogo. Usikate." Mchoraji akashuka kwenye jiwe, akasimama mbele yake, na yule mtu mwepesi wa utani hakuwa na utani hata mmoja. "Ulisema hukukosea. Na wewe hukosei kamwe. Nikajua umepima, umekata."

"Nimekosea. Mara moja, na juu yako. Sasa uliza kwa mdomo."

"Nataka kukuoa. Utakubali?"

"Kabla sijajibu, niambie habari ya ile kazi."

Macho yake yakaenda chini. "Nimetia sahihi, Rula. Juzi. Niliona hakuna cha kunirudisha mjini. Ni mwaka mzima, na siwezi kuwageuka."

Ilimuuma fundi, na hakuficha. Akatazama njia aliyopandia, ile aliyoitambaa. Duka lilikuwa la mama mdogo na mama mdogo alikuwa anazeeka. Kuhamia huku kusingewezekana. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akajipaka udongo zaidi.

"Basi usiwageuke. Jumapili ni zangu, nitakuwa napanda."

"Wewe? Unaogopa hata ngazi."

"Naogopa. Leo nimepita pale korongoni kwa magoti, nikimwita mama mdogo. Jumapili ijayo nitaogopa vile vile, na nitapanda."

Mchoraji akataka kucheka. Machozi yalikuwa yamemtangulia. Kwenye simu mama yake alikuwa anaita kwa nguvu, upepo ukimkata katikati: "Haloo? Amesemaje? Mbona mmenyamaza? Amesemaje?"

Fundi akaichukua simu mkononi mwake, akaiweka sikioni.

"Shikamoo, mama," akasema. "Ni mimi, wa fremu. Nimekubali."