Minza Aliisikia Kengele

Minza alikuwa na miaka sita. Siku hiyo, watoto waliruhusiwa kutembelea mgodi ambako mama zao na baba zao hufanya kazi.

Minza alivaa kofia ngumu ya njano. Kofia ilimfunika mpaka puani.

"Nani ameleta kofia inayotembea?" aliuliza Mama.

"Ni mimi, Mama," kofia ikajibu.

Mama aliendesha winchi, mashine ya kuvuta kamba nene ya chuma. Kamba iliingia shimoni, chini, chini kabisa.

Huko chini alikuwa Mjomba Masalu. Alijaza mawe yenye dhahabu kwenye ndoo kubwa iliyofungwa kwenye kamba hiyo. Kisha alivuta uzi, na kengele ikalia huku juu.

Mama akamfundisha Minza kuhesabu milio ya kengele:

*Moja, simama.*
*Mbili, shusha.*
*Tatu, vuta.*

Minza akakaa nyuma ya uzio, karibu na kengele.

Ngee, ngee, ngee.

"Tatu, vuta," alisema Minza.

Kriii, kriii. Ndoo ikapanda. Gurugururu. Mawe yakamwagika.

"Dhahabu iko wapi?"

"Imejificha ndani ya mawe," alisema Mama. "Labda imeogopa kofia yako."

Ndoo ikashuka tena.

Ngee, ngee, ngee. *Tatu, vuta.* Kriii, kriii.

Mara lori likapita. Vuuum. Piii, piii.

Ngee.

Mama hakusikia. Minza alisikia. Au alikosea? Watu wangemcheka?

Minza akasukuma kofia juu.

"Mama! *Moja, simama!*"

Mama akakamata breki. Winchi ikanyamaza.

Mama akainua simu ya shimoni. "Masalu, u mzima?"

"Mzima, dada. Ndoo imenasa koti langu. Koti lilitaka kupanda, na mimi nimo ndani yake."

Mama hakucheka. Akashusha ndoo polepole, polepole, mpaka koti likaachiwa.

Jioni Mjomba akatoka shimoni. Koti lake lilikuwa na mkono mmoja tu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani aliisikia kengele yangu?"

"Mimi."

Mjomba akainama mbele yake. Kisha akambeba Minza mabegani, na wote watatu wakashika njia ya nyumbani.

Kabla hawajafika, Minza alikuwa amelala. Korrr, korrr.

"Mtu mdogo hivi," Mjomba alinong'ona, "mkoromo wote huu anautoa wapi?"

Hapo Mama akacheka, akacheka mpaka mlangoni.