Alama Mbili kwa Kumi

Asubuhi ya Jumanne, ukuta mzima wa maabara ya Mhandisi Hozza jijini Dodoma ulijaa mistari ya manjano. Kila mstari ulikuwa moyo wa mtu. Mwaka huo wa 2079, watazamaji mia mbili, kila mmoja alipo, walikuwa wamevaa kipimahisia, utepe mwembamba wa mkononi unaosoma mapigo ya damu, jasho na pumzi na kuyatuma maabara papo hapo. Wote walikuwa wakitazama tamthilia moja, Ukoo wa Makame.

Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa buluu. Huo ulikuwa wa Mwajabu Senkoro, mhakiki wa runinga kwa miaka ishirini na sita, aliyeketi pale pale maabara.

Kwenye skrini, binti aliyepotea miaka kumi, mhusika mkuu tangu kipindi cha kwanza, alirudi nyumbani, akamkuta mama yake anachambua mchele. Akaangua kilio. Mistari ya manjano ikapanda kwa pamoja. Wa buluu haukutikisika.

"Tukio hili nimeliona mara hamsini," Mwajabu alisema. "Na huyu binti analia bila machozi."

"Sibishi," alisema Hozza. "Lakini Ijumaa shirika la runinga linaamua kama tamthilia iendelee au ifungwe. Mashabiki wameipa tisa kwa kumi, wewe umeipa mbili, na shirika linasubiri neno lako la mwisho. Nimetengeneza mtambo huu nijue nani amekosea."

"Umejua?"

Mhandisi akageukia mtambo. Kisha akaleta ukutani kumbukumbu za mwaka mzima za kipimahisia cha Mwajabu, tamthilia sitini na mbili, mbaya pamoja na zile alizozisifu mwenyewe. Mstari wa buluu ulikuwa umelala katika zote.

Mwajabu aliinuka, akausogelea ukuta. Kazi hii aliianza kwa sababu alipenda hadithi kiasi cha kuunguza chakula jikoni. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliunguza sufuria. Hakukumbuka.

"Na huyu ni nani?" aliuliza, akionyesha mstari wa manjano uliokuwa umepanda tangu wimbo wa mwanzo, kabla mtu yeyote hajasema neno.

"Mzee Mbaruku Kisoka. Yupo hospitali, wodi ya figo."

Hozza alimpigia mzee kumwomba ruhusa ya kutembelewa, na saa nane mchana Mwajabu alikuwa wodini. Wagonjwa saba waliketi mbele ya skrini, mirija mikononi, mashine za kusafisha damu zikinguruma. Kipindi cha asubuhi kilikuwa kinarudiwa.

"Karibu, mwanangu," alisema Mzee Kisoka, dereva mstaafu wa treni. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba yule binti anaigiza kama gogo?"

"Ni mimi, mzee."

"Ni gogo kweli."

Wenzake wakacheka.

"Tunajua," mzee aliendelea. "Marehemu mke wangu alikuwa akinisindikiza hapa, akimwigiza yule binti mpaka nesi anakuja kutunyamazisha. Masaa manne kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, miaka sita sasa. Wimbo ule ukianza, namsikia mke wangu anavuta kiti."

Mwajabu alijifikiria mwenyewe. Yeye hutazama peke yake, kalamu mkononi, akilinganisha kila kitu na yote aliyowahi kuyaona. Hawa walitazama wakiwa pamoja. Mtambo ulikuwa umempima yeye na mzee wakitazama vitu viwili tofauti.

Binti wa kwenye skrini alipoangua kilio, mama mgonjwa wa kiti cha pili alimwigiza kwa mguno mmoja mrefu. Mwajabu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa," alisema mzee, "ingekuwa wewe, angerudi vipi?"

"Asingelia. Angekaa chini, angeshika upande wa pili wa ungo, waanze kuchambua pamoja. Bila neno."

Mzee akafuta jicho kwa kiganja cha mkono usio na sindano.

"Hiyo ingenimaliza," alisema.

Ijumaa Mwajabu aliandikia shirika: "Alama yangu ni mbili. Msiifunge. Tafuteni waandishi bora, maana watazamaji hawa wanastahili zaidi ya wanachopewa." Shirika likakubali kuiendeleza.

Jioni simu yake ililia.

"Bado mbili?" aliuliza Mzee Kisoka.

"Bado, mzee."

"Haya. Jumanne uje mapema, utazame nasi. Wodi nzima ina neno na wewe kuhusu hizo mbili."