Kibao cha Marehemu Kalisti

Kati ya vibao sita, mwizi alikuwa amechukua kimoja tu.

Inspekta Faith Luhende wa upelelezi alisimama mlangoni mwa chumba cha Capitoline, mtaa wa Majengo, Mpanda, akaangaza macho kabla ya kuingia. Kitasa kilikuwa kimevunjwa kwa bisibisi. Simu ilikuwa bado inachajiwa dirishani. Redio ipo. Mkoba upo.

"Mwizi gani huyu anaacha simu?" Koplo Nathanael alinong'ona.

"Ndiyo maana nataka kumjua," Faith alijibu.

Capitoline alikuwa hajavua hata gauni lake la kanisani. Mjini alijulikana kwa vibao vyake vya kuwekea vikombe. Alivitengeneza kwa rezini, maji mazito ambayo yakichanganywa na kigumishi hukauka yakawa magumu na maangavu kama kioo. Ndani yake alipanga maua ya porini, manyoya ya kanga, mbegu, chochote ambacho mteja alitaka kukitunza.

"Ulimimina saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, afande. Nikafunika na beseni vumbi lisiingie, nikaenda misa. Narudi saa sita, nakuta kitasa hivi."

"Huchukua muda gani kukauka?"

"Siku nzima. Hicho alichochukua kilikuwa bado kinanata. Sijui hata amekibanduaje."

Faith aliinama mezani. Kalibu ilikuwa moja, pana, ya silikoni, yenye mashimo sita. Shimo la tatu lilikuwa tupu, na nyuzi za rezini zilikuwa zimevutika kutoka humo hadi ukingoni. Halafu akaona shimo la nne. Pale, juu ya petali za bluu, mtu alikuwa ameegemeza dole gumba ili apate nguvu ya kubandua.

Alama ilikuwa imezama kwenye rezini, mistari yote wazi, na kovu limekatiza kwa mshazari.

Faith aliinua mkono.

"Mtu yeyote asiguse! Nathanael, kamera!"

"Nifute, afande?" Capitoline aliuliza kwa hofu.

"Ufute? Dada, kiache kikauke hivyo hivyo. Huyu mtu ametuachia saini yake!"

Nathanael alipiga picha kumi kwa haraka.

"Sasa niambie," Faith alisema, "kibao kilichoibwa kilikuwa cha nani?"

"Cha Mama Natalia wa Kakese. Mjane wa marehemu Kalisti, yule aliyegongwa akiwa kwenye baiskeli, gari likakimbia."

Jalada hilo lilikuwa lake. Tangu Februari lilikuwa kabatini, miezi minane, bila shahidi, bila gari, bila chochote.

"Una picha ya hicho kibao?"

"Ninayo. Nilipiga jana mchana nilipokuwa napanga vitu. Nilimtumia yeye tu."

Faith alichukua simu. Shanga tano za rozari. Kifuniko cha kengele ya baiskeli. Punje za mpunga. Na katikati, kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, kidogo kama ukucha.

"Vitu hivi alivitoa wapi?"

"Aliviokota barabarani kesho yake, pale pale alipoangukia mume wake. Hicho cha katikati alisema ni taa ya baiskeli."

Faith alikuza picha. Pembeni mwa kipande kulikuwa na herufi na tarakimu mbili ndogo mno. Baiskeli ya Kalisti ilikuwa stoo ya kituo, na aliikumbuka vizuri: ilikuwa na taa moja tu ya kuakisi, nyuma, nyekundu, nzima.

"Hii si ya baiskeli," alisema taratibu. "Hii ni ya indiketa ya gari."

Capitoline alijishika kichwa. "Mungu wangu! Kumbe nilikuwa namimina ushahidi!"

"Na mwizi alijua. Twende, Nathanael!"

Walimkuta Mama Natalia uani kwake Kakese, anapepeta mchele. Aliposikia kibao kimeibwa, ungo ulimwanguka mikononi.

"Mama, pole. Nani mwingine aliiona ile picha?"

"Nimuonyeshe nani, mwanangu? Labda shemeji Wiliam. Jana jioni alikuja kunijulia hali, kama kawaida yake."

"Wiliam ni nani kwako?"

"Rafiki wa marehemu. Mwenyekiti wetu wa chama cha wakulima. Yeye ndiye alisimamia msiba wote."

"Alisemaje alipoiona?"

"Aliiangalia muda mrefu. Akauliza inamiminwa lini. Nikamwambia leo, kabla Capitoline hajaenda misa."

Faith na Nathanael walitazamana.

"Ana gari?"

"Ana pikapu. Si ndiyo iliyobeba jeneza?" Natalia alisema, na hapo hapo akaelewa. Alishika mdomo.

Nathanael ndiye aliyeuona moshi kwanza. Mweusi tii, ulipanda nyuma ya nyumba ya tatu, yenye pikapu mlangoni, na harufu kali ya plastiki ikaletwa na upepo.

"Anachoma!"

Walikimbia. Faith aliruka mfereji, akapita kati ya mbuzi, akaikagua pikapu kwa jicho moja, akazunguka kona ya nyumba. Mwanaume mnene wa miaka hamsini na kitu alikuwa amechuchumaa mbele ya moto wa magunzi, na chupa ya petroli mkononi.

"Polisi! Weka chupa chini!"

Wiliam aliinuka, akarudi nyuma hatua mbili, akamgonga Nathanael aliyekuwa ametokea upande wa pili. Faith alikipiga teke kile kitu kilichokuwa motoni, akakifukia kwa mchanga hadi moto ukafa. Kibao kilikuwa kimejaa alama za kisu na nusu yake imeungua. Lakini kile kipande cha rangi ya chungwa kilikuwa bado katikati, kizima, na maandishi yake yote.

"Hakikuvunjika, siyo?" Faith aliuliza huku anahema. "Rezini mbichi haivunjiki. Inapinda tu."

Wiliam alificha mikono nyuma.

"Nionyeshe dole gumba la kulia."

"La nini?"

"Nionyeshe."

Ngozi ilikuwa nyekundu kwa kusuguliwa na petroli, lakini rezini ilikuwa bado imeganda kuzunguka ukucha. Na kovu la mundu lilikatiza kwa mshazari. Nathanael alisogeza kamera yenye picha ya ile alama pembeni ya kidole. Hata macho matupu yalitosha; mtaalamu wa alama za vidole angethibitisha baadaye.

"Pikapu yako, indiketa ya mbele kushoto ni mpya. Ya kulia imefifia. Ile ya zamani iko wapi?"

Nathanael alitoa pingu.

"Una haki ya kunyamaza. Ukisema, nitaandika."

Wiliam alitazama nyuma ya Faith. Natalia alikuwa amefika, peku, kanga imemteleza begani.

"Shemeji," alisema mama huyo. "Ni wewe?"

Mwanaume yule akakaa chini.

"Kesho yake ulikuwa uchaguzi wa chama," alisema. "Nilikuwa nimekunywa bia. Sikumuona, nasikia tu kishindo. Nikajua nikimpeleka hospitali, polisi watanikuta nanuka pombe. Uenyekiti ungekwisha."

"Ulisimama?" Faith aliuliza.

"Nilishuka."

"Alikuwa hai?" Sauti ya Natalia ilikuwa ndogo.

"Alikuwa hai, shemeji."

"Alisema kitu?"

Wiliam alifunika uso kwa mikono yake.

"Aliniita jina. Alisema, 'Wiliam, afadhali umekuja wewe.'"

Natalia hakulia. Majirani walikuwa wameshaanza kujaa uani, wengine na ndoo, wengine na watoto migongoni, wanaulizana kumetokea nini. Aliwageukia, akawaita kwa majina, mmoja mmoja, wasogee karibu. Kisha akamgeukia Wiliam, ambaye Nathanael alikuwa anamfunga pingu.

"Miezi minane umekunywa uji wangu ukinipa pole," alisema. "Sasa rudia. Hawa ndio waliokuchagua. Rudia, wasikie wote."

Faith alimzuia Nathanael asimwondoe.

Wiliam akainua kichwa, akarudia.