Sekela Hakuwa Mvivu

Saulo alikuwa fundi cherehani pale Mwanjelwa, jijini Mbeya. Yeye na mkewe Damari walikaa Ilomba. Binti yao Sekela alikuwa mwaka wa pili chuoni Iringa, akisomea ualimu. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu, wakacheka pamoja.

Kisha simu zikapungua. Mara Sekela ana kazi nyingi, mara kichwa kinamuuma. Mwisho akaacha kupokea.

Siku moja akapiga Rukia, mwenzake wa chumbani.

"Shikamoo, baba. Sekela hatoki ndani. Darasani haendi. Chakula anaonja tu. Anasema anaacha chuo."

"Ana mimba?"

"Hapana, baba. Anaumwa, ila sijui niseme anaumwa nini."

Saulo akafunika cherehani yake. "Uvivu huo," alimwambia mkewe. "Nakwenda kumnyoosha."

"Nenda," alisema Damari. "Lakini umsikilize kwanza."

Huko Iringa, Saulo alimkuta Sekela kitandani mchana kweupe, uso ukutani. Alikuwa amekonda, mabega yametokeza.

"Amka! Wenzako wako darasani!"

Sekela hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha Saulo. Binti huyu tangu utoto hakukosa jibu.

"Baba, nimechoka," alisema polepole. "Mimi ni mzigo kwenu. Bora nilale nisiamke."

Hasira yote ikamwisha Saulo. Akakaa sakafuni karibu na kitanda.

"Nani kakwambia wewe ni mzigo?"

"Moyo wangu."

"Basi moyo wako unaumwa, mwanangu. Na mgonjwa hupelekwa hospitali. Simama, nitakushika."

Rukia, aliyekuwa mlangoni, akamshika mkono mmoja, baba akamshika wa pili. Wakaenda.

Hospitalini walipokelewa na Veneranda, muuguzi wa afya ya akili. Kwanza alizungumza na Sekela peke yake. Baadaye, Sekela alipokubali, akamwita baba. Kisha akauliza bila kuzunguka: "Sekela, umewahi kufikiria kujiua?"

Saulo alishtuka. "Muuguzi, si utampa wazo?"

"Hapana, mzee. Swali halimpi wazo. Linampa nafasi ya kusema."

Sekela alilia. "Nimefikiria. Sijapanga chochote."

"Ahsante kwa kusema. Kwa sasa hutabaki peke yako. Na wazo hilo likirudi, mwambie mtu saa ileile, uje hapa."

Daktari alimpima, akaagiza na vipimo vya damu. Majibu yalipotoka, damu yake ilikuwa pungufu. Vitamini B12 na asidi ya foliki pia zilikuwa chini.

"Ulikuwa unakula nini?" aliuliza Veneranda.

"Chai na maandazi. Nyama, mayai na maziwa niliacha. Nilitaka nipungue. Halafu hamu ya kula ikakata yenyewe."

Saulo akapumua. "Kumbe ni vitamini tu! Nitamnunulia vidonge dukani."

"Subiri, mzee. Binti yako ana sonona, huzuni nzito isiyoisha. Ni ugonjwa kama mwingine. Si uvivu, wala si kurogwa. Upungufu wa vitamini unaweza kuchosha mwili na kuushusha moyo. Na mwenye sonona hali chakula vizuri, upungufu ukazidi. Kipi kilitangulia, hatujui. Kwa hiyo tunatibu vyote viwili."

"Vidonge vya vitamini peke yake havitoshi?"

"Havitoshi. Wala usinunue bila kupimwa, kwani dozi isiyofaa inaweza kudhuru. Atatumia dawa alizoandikiwa na daktari. Atakuja kwangu kila wiki tuzungumze. Na atakula. B12 iko kwenye maini, nyama, samaki, mayai na maziwa. Foliki iko kwenye maharage na mboga za majani. Mboga msizichemshe mpaka ziwe rojorojo."

Saulo hakurudi Mbeya. Alifikia kwa binamu yake, karibu na chuo. Mchana Rukia alipokuwa darasani, yeye alikaa na Sekela. Alipika mwenyewe: dagaa, maharage, kabichi iliyoiva kidogo tu.

"Baba, kabichi haina chumvi," Sekela alisema siku moja.

Rukia akacheka. Saulo naye akacheka mpaka machozi. Binti yake alikuwa amelalamika tena!

Haikuwa safari ya kuteremka. Siku nyingine Sekela aligoma kula. Siku nyingine alisema hataki kwenda kliniki. Saulo alikaa naye, hakumfokea. Aliacha kuuliza, "Masomo vipi?" Akauliza, "Moyo ukoje leo?" Kisha wakaenda kliniki.

Chuo kilimruhusu kufanya baadaye mitihani aliyoikosa. Wiki zikapita. Damu ilipanda. Usingizi ulirudi. Sekela alianza na kipindi kimoja, kisha viwili, kisha siku nzima. Veneranda aliporidhika, Saulo akarudi kwa mkewe na cherehani yake. Mitihani Sekela aliifanya, akafaulu.

Mwaka uliofuata alikwenda kufundisha kwa mazoezi katika sekondari moja hapo Iringa. Asubuhi moja alipiga simu.

"Baba, jana moyo ulinilemea tena."

Saulo alisimama, mkasi mkononi. "Nakuja, mwanangu."

"Usije, baba. Nilimwambia Rukia palepale. Leo mwenyewe nimekwenda kwa muuguzi, bila kusukumwa. Tumezungumza. Sasa niko shuleni."

"Na moyo ukoje?"

"Umetulia kidogo. Nitakupigia jioni. Kidato cha Pili wananisubiri, naingia darasani."