Amri Tano za Karanga

Taji lilikuwa dogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Nyemo alilivika kichwani mwa mtoto wa mbwa, kati ya masikio marefu yaliyoning'inia kama soksi zilizoanikwa, akabonyeza. Taa ya buluu ikawaka. Chai ya mezani ilikuwa haijapoa, na tayari mbwa alijua amri tano: kaa, lala, tafuta, njoo na basi, yaani ruhusa ya kuondoka.

"Kaa," Nyemo alisema.

Mbwa akakaa.

Wendo, bintiye wa miaka saba, alipiga makofi. "Mama, na mimi nivishe! Nijue jedwali la saba!"

"Wewe unabisha sana. Taji litaungua."

Mbwa huyo alikuwa koka spanieli mwenye rangi ya karanga za kukaanga, na Wendo hakutafuta jina jingine. Koka ni mwanafunzi mwepesi. Kwa biskuti na uvumilivu, mtoto wake hujua kukaa baada ya siku chache tu. Kazi huwa ni kutulia mpaka aruhusiwe. Hilo huchukua miezi, maana pua humvuta huku, kipepeo humvuta kule, na mtoto akilia chumba cha pili anaacha kila kitu na kwenda kumlamba. Taji la mhandisi Nyemo lilimaliza hayo yote. Liliandika amri kwenye ubongo, kisha likazima ile sehemu ndogo inayomfanya mbwa asite. Sehemu hiyo Nyemo aliiita kibishi.

Tena aliongeza jambo alilojivunia kuliko yote: amri ya kaa, tofauti na nyingine, ilifutwa na sauti ya yule yule aliyeitoa tu. Mbwa wa polisi akiambiwa akae na askari, mwizi hawezi kumwondoa.

Asubuhi moja Wendo alimwambia Karanga "kaa" mlangoni, akasahau, akaenda shule. Nyemo alimwita, akambembeleza kwa nyama, akamvuta. Wapi! Aliporudi Wendo alasiri, mbwa alikuwa pale pale, ameloa mkojo wake, miguu inatetemeka. Walicheka mpaka machozi. Kesho yake Nyemo alikisimulia kisa hicho kazini kama sifa.

Siku tetemeko lilipoipiga Dodoma, Nyemo alikuwa karakanani. Alifika nyumbani mbio na kulikuta ghorofa lao limelala kama mkate uliokanyagwa. Dada wa kazi, aliyekuwa ameshuka dukani, alikaa barabarani, mikono kichwani.

"Wendo yuko ndani," alisema. "Yeye na Karanga."

Kamanda Yaledi wa kikosi cha uokoaji alikuwa na fuko-chuma wawili, mashine za kuchimba vifusi zenye makucha na pua ya duara. Zilikuwa zinanguruma bila kusogea.

"Mbona hazichimbi?" Nyemo alipiga kelele.

"Mhandisi, fuko haoni. Nikimwingiza upande usio wake, kifusi chote kinashuka. Nionyeshe njia ya kumfikia mtoto."

Nyemo alitoa kiwambo chake mfukoni. Kola ya Karanga ilikuwa na sikio na kinywa, yaani ilisikia na kusema, na ilikuwa na kichora-njia kilichochora ramani kwa kufuata hatua za mbwa. Lakini mbwa aliyekaa hana hatua. Kiwambo kilionyesha nukta moja tu, bila njia.

"Wendo! Wendo, mama, unanisikia?"

Vumbi lilikwaruza kwenye spika. Kisha, "Mama? Kuna giza. Mguu wangu hautoki."

Nyemo alipiga magoti. "Karanga yuko wapi?"

"Yupo hapa. Nimemwambia akae. Ananipa joto."

"Karanga, njoo!" Nyemo aliita. "Njoo!"

Nukta haikusogea.

"Mbona haji?" Yaledi aliuliza. "Si wewe uliyemtengeneza?"

"Ndiyo maana haji."

Sauti ya Wendo ilirudi, safari hii nyembamba. "Mama, kuna maji. Yanapanda."

Yaledi alitazama juu ya kifusi, mahali lilipokuwapo tangi la maji la jengo zima, akatukana chini chini.

"Wendo, nisikilize. Mwambie Karanga basi. Atatoka, ramani itajichora, sisi tutaifuata mpaka hapo."

"Akienda nitabaki na nani?"

"Ni kidogo tu."

"Sitaki."

"Wendo!"

"Sitaki! Njoo wewe kwanza, ndipo yeye aende."

"Nimesema mwambie basi! Sasa hivi!"

Maji yalisikika yakitiririka. Yaledi alimwekea Nyemo mkono begani. "Dada yangu," alisema polepole, "mtoto huyo si mbwa."

Nyemo alifumba macho. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mhandisi wala ya mama mwenye fimbo.

"Wendo, sitakudanganya. Karanga akitoka, anatoka na kola. Hutanisikia tena, na mimi sitakusikia. Utakuwa peke yako gizani. Naogopa, mwanangu. Naogopa ukikataa, na naogopa ukikubali."

"Unalia?"

"Nalia."

Wendo alivuta kamasi. "Ukichelewa sitakusamehe."

"Usinisamehe."

Nyemo aliweza kusikia mbwa akihema, kwa utulivu, kama amelala sebuleni.

"Karanga," Wendo alisema. "Basi."

"Njoo!" Nyemo aliita papo hapo, na makucha yakaanza kugonga zege. Kwenye kiwambo mstari ulizaliwa, ukapinda, ukapanda.

Ndipo Wendo akapiga ukelele.

"Karanga! Rudi! Nimekataa, rudi! Rudi, Karanga!"

Makucha hayakusita. Nyemo aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Rudi haikuwamo katika zile amri tano. Njoo ilikuwamo. Mtoto akiitamka tu, mbwa angegeuka na ramani ingekufa. Asiikumbuke, aliomba. Mungu wangu, mwanangu asiikumbuke. Aliomba hivyo huku kilio kikiendelea kusikika kolani, kikipungua kila Karanga alipokata kona, "Rudi... rudi...", mpaka kikabaki kama mlio wa mbu, kisha yakabaki makucha peke yake.

Karanga alichomoza kwenye mwanya karibu na bomba la maji machafu, ameloa mpaka masikioni. Alitikisa mkia, akasimama mbele ya Nyemo na kusubiri biskuti.

"Upande wa ngazi!" Yaledi alifoka, kiwambo mkononi. "Ingizeni fuko! Haraka!"

Walimfikia Wendo maji yakiwa kidevuni. Mguu wa kushoto haukuokolewa.

Wiki ya pili hospitalini, Nyemo alimleta Karanga ndani ya kikapu. Alidhani Wendo angefurahi. Mtoto alimtazama mbwa kwa muda mrefu, mikono chini ya shuka.

"Siku ile aligeuka nyuma?" aliuliza. "Hata mara moja?"

Nyemo alikuwa ameisikiliza sauti ya kola tena na tena, akitafuta hatua moja tu iliyosita. "Hapana."

"Nilimwita."

"Uliita rudi, mama. Neno hilo sikumfundisha. Na kama angerudi, tusingekupata." Alijisikia akieleza kama yuko mbele ya wafadhili.

Karanga alikuwa amekaa kikapuni, kichwa wima, macho yanang'aa, akingoja aambiwe jambo.

"Lakini nilikuwa nalia," Wendo alisema. "Kulia nako mpaka afundishwe?"