Mawe Yaliyopakwa Chokaa

"...mbele ya wageni! Jamani, mbele ya wageni wote wale, tena kwa sauti!" Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani leo nikipiga kelele. Ngojeni nipumue kwanza, nianzie mwanzo, maana mdomo unanitangulia.

Naitwa Kokulinda, watoto wananiita dada Koku. Nilipomaliza chuo cha malezi nilipata kazi kwenye kituo kimoja hapa Igogo. Watoto wanakuja wakitoka shule, wanakaa mpaka wazazi watoke kazini. Saa tisa wanaingia kwa kishindo, "Shikamoo dada Koku!", wanatupa mabegi, wanakunywa uji, halafu wanacheza wanachotaka wao. Hiyo ndiyo sheria ya mwalimu Teodora, mkuu wa kituo: mtoto achague mchezo, mtu mzima aangalie tu. Hata chuoni tulifundishwa hivyo.

Muhula huu walichagua mwalo, soko la samaki la kando ya ziwa. Suzana, wa darasa la tano, ndiye aliyeanzisha. Kila mtoto alileta jiwe lake, likawa kibanda chake. Majani ya mkaratusi yakawa dagaa, wakayaanika juu ya mawe.

"Dagaa wako wana mchanga, sinunui!" Nkwabi alimfokea Suzana.

"Mteja gani wewe, huna hata ndoo!"

Nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Juzi tukaambiwa wageni wanakuja leo. Wakikipenda kituo, watatulipia uji mwaka mzima. Mwalimu Teodora alikuwa msibani Bukoba, kwa hiyo maandalizi yote akaniachia mimi. Nikautazama uwanja: majani kila mahali, mawe yamezagaa. Leo asubuhi, watoto wakiwa shuleni, nikafanya kama watu wote wanavyofanya wageni wakija. Nikafagia, nikapanga mawe mstari kando ya njia, nikayapaka chokaa. Yaling'aa! Nikapiga na picha.

Watoto walipofika walisimama getini.

"Dada Koku, mwalo wetu uko wapi?" aliuliza Alexander, mdogo kuliko wote.

"Leo tunacheza mchezo mwingine, mzuri zaidi. Shikeni hivi vitambaa, mzunguke duara. Mgeni akiuliza nani kauchagua, semeni 'sisi wenyewe'. Sawa?"

"Sawa," wakajibu, ile sawa ya mtu anayemeza dawa.

"Lakini dada," alisema Suzana, "huo si uongo?"

"Suzana, unataka wenzako wakose uji?"

Akachukua kitambaa.

Wageni wakaja, na mwalimu Teodora akiwa nao, vumbi la safari bado viatuni. Mama mmoja mwenye miwani akauliza, "Mchezo huu kauchagua nani?"

"Sisi wenyewe!"

"Safi sana! Unaitwaje?"

Wakatazamana. Jina sikuwapa! Alexander akanigeukia mimi. Hapo Suzana akaweka kitambaa chini.

"Shikamoo mama. Jina lake hatulijui. Dada Koku ndiye anayeujua. Mchezo wetu ni ule pale njiani, uliopakwa chokaa."

Yule mama akafunga daftari lake taratibu. "Tulikuwa tunatafuta kituo ambacho watoto wanacheza michezo yao," alisema. "Samahani." Wakaondoka, soda tulizowanunulia tukabaki nazo.

"Umetukosesha uji!" Nkwabi alimgeukia Suzana. "Mdomo wako huo!" Suzana akaanza kulia.

Mwalimu Teodora akatukusanya. "Suzana hajamkosesha mtu kitu. Uji ule tungeupata kwa uongo, kisha tungeulinda kwa uongo mwingine mwaka mzima. Nitawaomba wazazi wachangie unga, kopo moja moja, na uji utakuwepo. Mchezo wa mtoto ni mali yake, haufagiwi. Aliyekosea aseme, hata kama ni mtu mzima."

Alikuwa ananitazama mimi. Nikawaomba watoto msamaha. Wakakimbilia mawe yao, wakayasugua mpaka chokaa ikatoka, na mwalo ukaanza tena.

Ila Suzana alipita kwenye ule mstari kutoka getini mpaka mlangoni, akarudi, akapita tena.

"Dada Koku, la kwangu silioni. Lile bapa."

Siku alipolileta aliniambia, "Hili mama alikuwa anafulia juu yake, kabla hajaenda kisiwani kutafuta maisha." Mama huyo hajarudi hadi leo. Mimi nilimjibu "sawa mpenzi", macho yangu yakiwa kwenye simu. Leo asubuhi nililiona jiwe hilo kubwa kuliko mengine, linaniharibia mstari. Nikaazima nyundo kwa jirani anayeponda kokoto, nikalipasua. Vipande viko nyuma ya choo.

"Labda kuna mtu kalisogeza," nilimwambia.

Ndiyo. Nimetoka kuomba msamaha sasa hivi, halafu nikasema hivyo.

Mwalimu Teodora alinisikia, naye alikuwa ameshaviona vile vipande. Watoto walipoondoka akanivuta pembeni. "Koku, mtoto wa darasa la tano amesema kweli huku akijua wenzake watamchukia. Wewe uliyesoma unaogopa nini? Ukweli ukiuchelewesha, anayeumia ni yule anayeendelea kutafuta."

Nilikwenda nyuma ya choo, nikaokota vipande vyote vinne, nikavifunga kwenye khanga yangu. Kesho saa tisa nitamsubiri Suzana getini. Atakachoniambia, hata kiwe kichungu namna gani, nitakuja kuwasimulia kesho jioni, na sitapunguza hata neno moja.