Kijiko cha Fundi Seremala

Kisa hiki nilisimuliwa na mjukuu wangu, yule muuguzi, Jumapili iliyopita akinisuka nywele.

Yeye na fundi wake walikutana hospitalini, kwenye dirisha la dawa, watu wamejaa tele. Mjukuu wangu, na gauni lake jeupe lililonyooshwa vizuri, akaegemea fremu mpya ya dirisha hilo.

"Dada, usijitingishe," akasema fundi seremala aliyechuchumaa hapo chini. "Umeegemea vanishi mbichi."

"Na hukuweza kusema mapema?"

"Nilikuwa nakutazama, nikasahau."

Basi, wakapeana namba. Miezi minane simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Umelala, nesi wangu?" Ikafika tarehe kumi na nne Februari, siku ya wapendanao. Wauguzi wenzake wakaletewa waridi zenye utepe. Yeye akaletewa kijiko cha mti, kimechongwa mnyororo na gurudumu kwenye mpini.

"Wenzio maua, wewe jiko," wakamcheka. "Ameshakuonyesha kazi yako mapema."

Ikamchoma. Mama yake, ambaye ni binti yangu, aliolewa na mtu aliyemgeuza mtumishi mpaka akarudi kwangu. Mjukuu wangu aliapa hayo yasimkute. Akazima simu siku nne.

Asubuhi ya tano, akitoka zamu ya usiku, akaenda kwenye karakana ya fundi ili waachane.

"Shika kijiko chako. Mpishi katafute kwingine."

Fundi akanyoosha mkono kukipokea. Vidole vitatu vimefungwa matambara machafu. Na pale mezani, kwenye vumbi la mbao, vijiko saba, vyote vimekatika mnyororo.

"Hivi je?"

"Vilivyoharibika. Mnyororo unachongwa humo humo kwenye mti mmoja. Ukivunja pete moja, umerudi mwanzo."

"Si ungenunua ua tu, jamani?"

Fundi akaeleza. Alisikia redioni kuwa siku ya wapendanao, wanavyosimulia, ilianza na padri wa Roma ya kale aliyewafungisha ndoa za siri askari waliokatazwa kuoa, akauawa kwa hilo. Sasa kila watu na lao: Japani wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti, Ufini ni siku ya marafiki. Na Wales, tangu zamani, kijana humchongea mpenzi wake kijiko.

"Gurudumu maana yake nitakufanyia kazi," akasema. "Mimi, si wewe."

"Ningejuaje? Hukuandika hata neno."

"Vidole vilikuwa vinauma."

Hapo mjukuu wangu akacheka bila kutaka. Akamkalisha kwenye benchi, akafungua matambara yale, akaosha vidonda.

"Nataka nije kwenu na wazee wangu," akasema fundi polepole. "Nije?"

"Tulia kwanza nimalize kidole hiki."

Akamfikiria mama yake. Akafunga bandeji taratibu, akakaza fundo la mwisho.

"Njoo," akasema.

Siku nne zile fundi hakupata usingizi, na sasa kichwa kilikuwa kimelala juu ya ubao.

"Nimesema njoo, bwana we."

Fundi akakoroma. Mjukuu wangu hakuweza kuondoka na jibu mdomoni. Akaketi ubavuni pake amngoje aamke, akaanza kuvua viatu. Lakini naye alikuwa amekesha wodini. Kabla hajaita mara ya tatu, alishalala, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.